Nyuso Akisi Janja na Usalama wa Mawasiliano Yasiyotumia Waya: Kielelezo cha Mtaa wa Ayany, Kibera

1.0 Utangulizi

Tangu huduma ya M-Pesa ilipozinduliwa nchini Kenya mnamo Machi 2007, simu ya mkononi imekoma kuwa chombo cha kuzungumzia tu. Imekuwa mkoba wa fedha, daftari la madeni, ofisi ya mwenye biashara ndogo na darasa la mwanafunzi. Yote hayo husafirishwa hewani na mawimbi ya redio ambayo jicho haliyaoni. Kwa sababu hiyo, njia yanamopita mawimbi hayo si suala la wahandisi pekee. Ni suala la kila mtu ambaye riziki yake hupitia humo.

Makala haya yanafafanua teknolojia inayotarajiwa kuibadili njia hiyo katika mitandao ijayo, yaani nyuso akisi janja, pamoja na vitisho vya kiusalama vinavyoandamana nayo. Mtaa wa Ayany, ulioko Kibera jijini Nairobi, unatumiwa kama kielelezo. Ikumbukwe kwamba teknolojia hii ingali katika hatua ya utafiti na majaribio. Ayany inachukuliwa hapa kuwa mizani ya kuipimia kabla haijafika, kwa kuwa ni mahali ambapo ukuta wa mawe na ukuta wa mabati hukaribiana sana. Hoja kuu ni kwamba ukuta ukishapewa uwezo wa kuyaelekeza mawimbi, anayeutawala ukuta huo hutawala sehemu ya mawasiliano ya wakaaji. Aidha, wakaaji hao hawawezi kujikinga na jambo, wala kuliridhia, ikiwa hawajaelezwa kwa lugha wanayoielewa.

2.0 Ayany, Mabati na Mawimbi

Jina Kibera linatokana na neno la Kinubi, kibra, lenye maana ya msitu au kichaka. Wanubi, ambao ni wazao wa askari wa Kisudani waliolitumikia jeshi la kikoloni la Uingereza, walipewa makazi huko mwanzoni mwa karne ya 20. Leo eneo hilo lina sura mbili. Kwa upande mmoja ipo mitaa ya nyumba za mawe, kama vile Ayany na Olympic. Kwa upande wa pili vipo vijiji kama vile Gatwekera, Kisumu Ndogo, Makina, Lindi na Laini Saba, ambako nyumba za udongo na mabati zimeshikana paa kwa paa.

Kwa mtazamo wa fizikia, sura hizo mbili huyapokea mawimbi kwa namna tofauti. Ukuta wa mawe huyanyonya mawimbi na kuyadhoofisha; kadiri masafa yanavyokuwa ya juu, ndivyo yanavyodhoofika zaidi. Bati nalo ni metali, hivyo haliyanyonyi bali huyarudisha yalikotoka au huyatawanya. Mikunjo ya bati la kawaida huachana kwa takribani sentimita 7 hadi 8. Masafa ya gigahezi 3.5, ambayo hutumiwa sana duniani katika mitandao ya kizazi cha tano, yana wimbi lenye urefu wa takribani sentimita 8.6. Mkunjo na wimbi vinapokaribiana kwa kipimo namna hii, paa la bati huwa si kioo kinachoakisi kwa unyoofu. Linaweza kuyatawanya mawimbi katika pande zaidi ya moja. Ndiyo maana mtu aliye ndani ya chumba cha mabati hulazimika mara nyingine kutoka nje ili simu yake ishike.

Haja ya mawasiliano katika viunga hivi si ya kubahatisha. Mtandao wa kijamii wa TunapandaNET, ulioanzishwa na Taasisi ya Tunapanda, umeyaunganisha baadhi ya mashule na vituo vya Kibera bila waya. Kampuni ya poa! nayo ilijijenga kwa kuuza intaneti ya bei nafuu katika mitaa kama vile Kibera na Kawangware. Safaricom ilizindua rasmi huduma za kizazi cha tano mnamo Oktoba 2022, na Airtel ikafuata mwaka 2023. Kwa kuwa kila kizazi kipya huelekea kupanda katika masafa ya juu zaidi, tatizo la kuta litazidi kuwa kubwa. Hapo ndipo nyuso akisi zinapoingia.

3.0 Uso Akisi Mjanja ni Nini?

Uso akisi mjanja ni ubao mwembamba uliopangwa vigae vidogo vingi, mamia au hata maelfu, ambavyo kila kimoja ni kidogo kuliko urefu wa wimbi linalokusudiwa. Ndani ya kila kigae mna kijisehemu cha kielektroniki, kwa kawaida diodi, kinachoweza kubadilishwa hali yake kwa amri. Badiliko hilo huathiri awamu ya wimbi linaloakisiwa, yaani hulichelewesha wimbi kidogo kabla halijarudi. Katika muundo ulio sahili kabisa, kila kigae kina hali mbili tu: kuliakisi wimbi kama lilivyo, au kuliakisi likiwa limepinduliwa, ili kilele chake kiwe bonde.

Kigae kimoja hakina nguvu. Siri imo katika ushirika. Vigae vyote vikipangiwa ucheleweshaji unaofaa, mawimbi yanayotoka katika kila kimoja hufika mahali pamoja kilele kwa kilele na kutiana nguvu. Wanasayansi wameonyesha kwamba, katika hali bora, idadi ya vigae ikiongezwa mara mbili, nguvu inayofika kwa mpokeaji huongezeka mara nne. Kwa namna hiyo, mwale wa redio unaweza kukunjwa ili uzunguke kona ya jengo na kuingia katika kichochoro kisichoonana na mnara. Uso huo haurushi mawimbi yake wenyewe, na kwa hiyo hutumia umeme kidogo mno. Huyaelekeza tu yale yaliyokwisha kurushwa na wengine.

Msingi wa fikra hii uliwekwa mwanzoni mwa miaka ya 2010. Mwaka 2014, Tie Jun Cui na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southeast, China, walieleza namna vigae vya aina hiyo vinavyoweza kuongozwa kwa tarakimu 0 na 1 kama inavyoongozwa tarakilishi. Mwaka 2018, kampuni ya NTT Docomo ya Japani ilijaribu jijini Tokyo kiakisi cha namna hiyo kwa masafa ya gigahezi 28. Mnamo Septemba 2021, taasisi ya viwango vya mawasiliano ya Ulaya, ETSI, iliunda kikundi maalumu cha kuzichunguza nyuso hizi. Kwa hiyo, ingawa hazijaenea, hazimo tena katika ndoto za wanafalsafa.

4.0 Suala la Istilahi

Kabla ya kuvijadili vitisho, inafaa kuyapima maneno yenyewe. Kitenzi akisi kimekuwamo katika Kiswahili kwa muda mrefu, na fizikia ya shuleni imekizoea. Utata umo katika sifa inayofuata. Wapo wanaopendelea -erevu, na wapo wanaotumia -janja kama ilivyo katika simu janja. Mwerevu ni mwenye akili. Mjanja ni mwenye akili anayeweza pia kukuhadaa. Katika muktadha wa usalama, upungufu huo wa janja unageuka kuwa faida, kwa kuwa neno lenyewe linabeba tahadhari. Ndiyo sababu makala haya yamelichagua, kwa upatanisho wa uso mjanja katika umoja na nyuso janja katika wingi.

Jozi nyingine inayostahili kutazamwa ni udukizi na udukuzi. Kudukiza ni kusikiliza kwa siri maneno ya watu. Udukuzi, kwa matumizi ya siku hizi, ni kuingia bila idhini katika mfumo wa kompyuta. Vyombo vya habari huyachanganya maneno haya mara kwa mara. Hata hivyo, tofauti yake ndiyo hasa inayohitajika hapa, kwa maana kitisho cha kwanza kitakachojadiliwa hakihitaji kuingia katika mfumo wowote.

5.0 Vitisho vya Kiusalama

5.1 Udukizi kwa Uso wa Kughushi

Kadiri masafa yanavyopanda, ndivyo mwale wa redio unavyokuwa mwembamba. Kwa miaka mingi wataalamu waliuona wembamba huo kuwa kinga: ikiwa mwale ni kama uzi uliovutwa kati ya mnara na simu, mdukizi aliye kando atausikiaje? Mwaka 2022, watafiti wa vyuo vikuu vya Rice na Brown nchini Marekani waliijibu hoja hiyo kwa vitendo. Kwa kutumia karatasi ya ofisini, mashine ya kuchapishia, utando wa metali na kifaa cha kubandikia plastiki, walitengeneza kwa dakika chache uso uliowekwa katika njia ya mwale wa gigahezi 150. Uso huo uliipinda sehemu ndogo ya mwale kumwelekea mdukizi, huku mpokeaji halali akiendelea kupata mawasiliano yake kama kawaida.

Funzo la jaribio hilo ni zito. Mshambulizi hakuhitaji maabara ya mamilioni wala nywila ya mtu. Alihitaji kipande cha karatasi na maarifa. Mahali ambapo kuta zimejaa matangazo, mabango na viraka vya bati, kama zilivyo kuta nyingi za Nairobi, kipande kimoja zaidi hakimshtui mtu.

Hata hivyo, haifai kutia chumvi. Kuyanasa mawimbi si kuyaelewa. Ujumbe uliosimbwa kwa njia madhubuti hubaki fumbo hata ukinaswa wote. Lakini usimbaji huficha maana ya ujumbe; haufichi kwamba ujumbe umetumwa, saa ngapi, kutoka upande gani na kwa ukubwa gani. Kwa mwizi anayetaka kujua ni kibanda gani cha wakala wa fedha kinachofanya kazi nyingi jioni, hayo pekee yanaweza kutosha.

5.2 Uvurugaji wa Kimya

Njia ya zamani ya kuyavuruga mawasiliano ni kurusha kelele kubwa zaidi hewani. Njia hiyo ina udhaifu mmoja: anayepiga kelele hujulikana alipo. Wakaguzi hulifuata chimbuko la mawimbi kwa antena hadi wamkamate mhusika. Uso akisi hauna kelele. Unaweza kuyachukua mawimbi halali ya mnara, ukayapindua, kisha ukayapeleka kwa simu ya mtu ili kilele kikutane na bonde na vyote vififie. Mwenye simu ataona tu kwamba mtandao umepungua na kumlaumu mtoa huduma.

Namna nyingine ni kuubadilisha uso upesi upesi. Simu na ruta hupima kwanza hali ya njia, kisha hutuma data kwa kutegemea kipimo hicho. Njia ikibadilika baada ya kupimwa, kipimo hugeuka kuwa uongo. Watafiti wa Bochum nchini Ujerumani walionyesha mwaka 2022 kuwa uso unaogeuzwa haraka kwa programu unaweza kuipunguza sana kasi ya Wi-Fi, ingawa hautoi mawimbi yake wenyewe. Hapa ndipo sheria nazo zinapojaribiwa. Sheria za masafa, kwa kiasi kikubwa, zimejengwa juu ya dhana ya kituo kinachorusha. Je, mwenye ubao usiorusha chochote ahesabiwe kuwa amefanya nini?

5.3 Utekaji wa Kidhibiti

Vitisho viwili vilivyotangulia vinahusu uso wa mshambulizi. Kitisho cha tatu kinahusu uso halali. Kila uso mjanja una kidhibiti, yaani kijikompyuta kinachopokea amri kutoka mtandaoni na kuvipanga vigae. Anayekiteka huurithi uso wote pamoja na imani ya mtandao kwa uso huo. Anaweza kuuelekeza mwale kwake, kuukata, au kuugawa sehemu mbili, moja kwa mwenyewe na moja kwa mdukizi. Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Chombo kilichotundikwa ili kumsaidia mkaaji ndicho kinachoweza kumdhuru zaidi, kwa kuwa hakishukiwi.

Pamoja na utekaji wa programu, upo utekaji wa mikono. Bei nafuu ya nyuso hizi inategemea kutundikwa kwake kwa wingi mahali pa wazi, zisikolindwa. Kenya ina kumbukumbu ya karibuni kuhusu jambo hilo. Mnamo Januari 2022, kuanguka kwa milingoti ya umeme eneo la Imara Daima, Nairobi, kulileta giza nchini kote. Hujuma ikashukiwa, na katika mwezi huohuo serikali ikapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, marufuku iliyoondolewa baadaye mwaka huo. Ikiwa mlingoti mzima unaweza kuhujumiwa, ubao wa ukutani hauna salama. Isitoshe, anayeweza kuung'oa anaweza pia kuufungua, kuuchezea na kuurudisha mahali pake pasipo mtu kujua.

5.4 Kuta Zinazohisi

Kitisho cha nne kinagusa utu. Mwili wa binadamu huyaakisi na kuyanyonya mawimbi ya redio. Mtu anapotembea chumbani, huacha athari katika mawimbi ya Wi-Fi, na athari hizo zaweza kusomwa kutoka nje ya ukuta ili kujua kama nyumba ina mtu au haina. Shirika la Mawasiliano ya Simu Duniani, katika mwongozo wake wa Novemba 2023 kuhusu kizazi cha sita, liliuweka muungano wa kuhisi na kuwasiliana miongoni mwa matumizi sita makuu yanayotarajiwa. Kwa maneno mengine, mtandao ujao hautabeba sauti pekee. Utaweza kujua miili ilipo. Uso akisi, kwa kuwa unaweza kuelekeza mwale mahali palipokusudiwa, unaweza kuukuza uwezo huo.

Katika chumba kimoja ambamo jamaa nzima hulala, hupika na kusomea, hakuna pembe iliyo nje ya mwale. Tajiri anaweza kuwa na chumba cha ndani kisichofikiwa na mawimbi ya barabarani. Mpangaji wa Gatwekera hana. Faragha, ambayo Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamhakikishia kila mtu, inakuwa basi na bei kulingana na unene wa ukuta.

6.0 Kinga

Ni muhimu kueleza kwamba chombo hiki hiki kinaweza kuwa ngao. Watafiti wa Bochum waliotajwa hapo juu walipendekeza pia uso unaobadilika ovyo kwa makusudi ili kuzifukia athari za mienendo ya watu ndani ya nyumba, hivi kwamba anayechungulia kwa mawimbi asipate cha kusoma. Vilevile, mtandao unaweza kuutumia uso kuutia nguvu mwale wa mpokeaji halali na kuuzima upande alipo mdukizi. Kisu ni kilekile; tofauti ni mkono unaokishika.

Mbali na hayo, kinga zinazojadiliwa zinaweza kugawanywa katika makundi matatu. Kwanza ni kinga za kidhibiti: kila amri itiwe saini ya kidijitali, programu ya uso ikaguliwe kila inapowashwa, na nywila za kiwandani zibadilishwe kabla uso haujatundikwa. Pili ni kinga za njia: mtandao uendelee kupima kama mawimbi yanafika kwa namna inayolingana na nyuso zilizosajiliwa, na badiliko lisiloelezeka lichukuliwe kuwa dalili ya uso wa kughushi. Tatu ni kinga za mahali: pawe na daftari la wazi linaloonyesha kila uso uko wapi na ni wa nani, pamoja na ukaguzi wa macho.

Kundi hili la tatu ndilo hudharauliwa na wahandisi, lakini ndilo lililo karibu zaidi na mwananchi. Mwaka 2009, vijana wa Kibera waliichora ramani ya mtaa wao kupitia mradi wa Map Kibera, wakati ambapo ramani nyingi zilipaacha mahali hapo patupu. Jamii iliyoweza kuhesabu visima, vyoo na vichochoro vyake inaweza pia kuhesabu mbao zilizotundikwa kutani mwake, ili mradi ijue inatafuta nini.

7.0 Ridhaa na Lugha

Kenya haikosi sheria. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inaharamisha kunasa mawasiliano bila idhini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inataka ridhaa iwe ya hiari, mahususi na yenye ufahamu. Neno la mwisho ndilo gumu. Mwaka 2023, maelfu ya watu walipanga foleni jijini Nairobi ili mboni za macho yao zipigwe picha na mradi wa Worldcoin kwa ahadi ya sarafu ya kidijitali. Mnamo Agosti mwaka huo serikali iliusimamisha mradi, na mnamo Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data iliyokusanywa ifutwe. Watu walikuwa wameridhia, lakini mahakama haikuona kwamba ridhaa iliyovutwa kwa malipo namna hiyo ilikuwa halali.

Uso akisi unazidisha ugumu huo. Aliyepigwa picha ya mboni alisimama mwenyewe mbele ya kamera. Ubao utakaotundikwa katika jengo la Ayany utaridhiwa na mwenye jengo, ilhali mwale wake utaangukia vyumba vya wapangaji na hata paa za kijiji cha jirani, ambao hawakuulizwa. Nani basi atoe ridhaa: mwenye ukuta au mwenye chumba?

Swali hilo haliwezi kujadiliwa barazani ikiwa maneno yake yamo katika Kiingereza cha maabara tu. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Wataalamu wa Kiswahili wamewahi kuitikia mahitaji ya namna hii: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo, na baadhi ya istilahi zake zingali zinajadiliwa madarasani. Hata hivyo, kazi hiyo ilikuja baada ya kompyuta kuzoeleka kwa Kiingereza. Nyuso akisi bado hazijafika, kwa hivyo safari hii upo muda wa neno kukitangulia chombo.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kuwa uso akisi mjanja ni ubao wa vigae unaoyaelekeza mawimbi bila kuyarusha, na kwamba sifa hiyohiyo inayoufanya uwe rahisi na wa manufaa ndiyo inayoufanya uwe hatari. Udukizi, uvurugaji wa kimya, utekaji wa kidhibiti na uhisiji wa miili ni vitisho vilivyothibitishwa au kukadiriwa na watafiti kabla teknolojia haijasambazwa. Kinga zake nyingine ni za kihandisi, nyingine za kisheria, na nyingine ni za mwananchi anayejua kilichotundikwa ukutani kwake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wasema wahenga. Katika suala hili ufa wenyewe ni wa maarifa, na sehemu ya kuuziba imewaangukia wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Ni wajibu wao kuzitafiti istilahi za usalama wa mawasiliano, kuzisanifu na kuzifikisha kwa umma, ili siku fundi atakapobisha hodi Ayany akiwa na ubao mkononi, mpangaji aweze kumuuliza kwa lugha yake: ubao huu unaongozwa na nani, na mwale wake unaelekea wapi?